Kuitika bila kuitwa

Mama mkwe ana mikorosho Nanyamba. Msimu uliopita, baada ya kupeleka mzigo wake ghalani, aliniletea kopo la korosho ghafi alizozichambua pembeni, zile ndogondogo ambazo zingemshushia daraja. "Hizi bangua wewe na watoto," akasema. Sikuzibangua. Nilizipeleka shuleni, na mpaka leo hajanisamehe vizuri.

Nafundisha Baiolojia hapa Mtwara mjini, huu mwaka wa 13. Kila mwaka kidato cha tatu wakifika kwenye mada ya uratibu, yaani neva, ubongo na homoni, lazima mmoja anyooshe mkono: "Madam, eti ni kweli simu inaharibu ubongo?" Nami kila mwaka nilikuwa najibu kama watu wazima wote tunavyojibu. Ndiyo, punguzeni kuperuzi, someni. Mwaka huu swali lilipoulizwa, simu yangu ilikuwa inatetema kwenye droo ya meza, darasa zima linaisikia, na mkono wangu ulishafika kwenye droo kabla sijamaliza sentensi. Walicheka. Nikacheka nao, ila nilirudi ofisini nikiwa na swali langu mwenyewe.

Nikatafuta makopo mawili. Moja nikalijaza korosho, jingine nikaliacha tupu. Sharti lilikuwa moja: kila mkono unaposhika simu, kwa sababu yoyote ile, hata kuangalia saa, korosho moja inahama. Pembeni nikaweka karatasi ya kuandika herufi. K nilipokuwa na kazi nayo, M ilipolia au kutetema, B ilipokuwa basi tu. Nilianza Jumatano nilipoamka saa 11 alfajiri, nikatembea na makopo yangu siku nzima kama mganga, kuanzia jikoni hadi ofisi ya walimu na kurudi, na saa 4 usiku nikamwaga kopo la pili mezani nikahesabu. Korosho 91. Kwa msomaji asiyetoka kusini: kilo moja ya korosho ghafi hubeba kama korosho 190 hivi, kwa hiyo nilikuwa nimehamisha karibu nusu kilo, moja moja.

Idadi yenyewe haikunishtua sana. Nilichokishangaa ni herufi. K zilikuwa 17. M zilikuwa 23. B zilikuwa 51.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, na kwa bibi sheria ya kuitwa haikuwa na mjadala. Ukisikia jina lako unaitika "abee", unaacha ulichoshika, unakwenda. Hata kama ulikuwa unachambua mchele, mchele utakusubiri. Nadhani wengi wetu tumeihamishia simu heshima ile ya mkubwa: ikilia, tunaitika. Hizo ndizo M zangu 23, na sina ugomvi nazo sana. Lakini mara 51 kwa siku moja mimi nilisema "abee" na hakuna aliyeniita. Mtoto akimfanyia hivyo bibi mara mbili tu, anapelekwa hospitali ya Ligula akapimwe malaria.

Hapa ndipo Baiolojia inapoingia, na nitakaa kidogo.

Wengi wamesikia neno dopamini, na mitandaoni huelezwa kama kemikali ya raha: unapata kitu kizuri, dopamini inamwagika, unafurahi. Mambo hayako hivyo hasa. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichachamaa juisi ilipofika mdomoni. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba kuna ishara inayotangulia, seli zikaanza kuchachamaa kwa ishara, na juisi yenyewe ilipokuja zikatulia. Na ishara ikitokea halafu juisi isije, shughuli ya seli zile ilishuka chini ya kawaida. Kwa maneno mengine, dopamini inahusika zaidi na kutarajia na kujifunza pa kutarajia. Simu iliyolala kifudifudi mezani ni ishara tosha. Haihitaji kulia.

Ongeza na hili. Nenda Mikindani jioni, utawakuta wavuvi wa mshipi wametulia kwenye mitumbwi yao. Samaki angekuwa anakula chambo kila baada ya dakika 20 kamili, mvuvi angelala dakika 19. Kwa kuwa hajui, pengine sasa hivi, pengine baada ya saa moja, mkono hauachi uzi. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alilionyesha jambo hilihili kwa njiwa katikati ya karne ya 20: njiwa aliyepewa punje bila mpangilio unaotabirika alidonoa kitufe kwa bidii kuliko aliyepewa kwa mpangilio, na hata punje zilipokoma alichukua muda mrefu zaidi kukata tamaa. Ukifungua simu mara 51, mara 45 hukuti kitu, mara 5 unakuta picha ya arusi ya mtu, na mara moja unakuta ujumbe wa kweli wa mtu unayempenda. Hiyo moja inatosha kulipia zile 50.

Na wanaotengeneza programu hizi wanalijua. Ule ukurasa usio na mwisho, ambao ukivuta kwa kidole unazidi kushuka tu, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, na baadaye yeye mwenyewe alikiri hadharani kujutia. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, ukifika chini unaulizwa uendelee au la. Swali dogo, lakini lilikuwa kizingiti. Aliung'oa mlango.

Wanafunzi wangu wakisikia habari za njiwa huwa wanauliza, basi kuna ubaya gani, si sekunde chache tu? Hilo ndilo swali zuri kuliko lile la ubongo kuharibika. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi watu wakifanya kazi kwenye kompyuta. Mwaka 2004 mtu alikaa wastani wa dakika mbili na nusu kwenye skrini moja kabla ya kuhamia kwingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani umeshuka hadi sekunde 47. Naye Sophie Leroy, mwaka 2009, alieleza kwamba mtu anapoacha kazi moja kuingia nyingine, sehemu ya akili hubaki kule alikotoka. Darasani naiita ukoko. Umepika wali, umepakua, sufuria hukuosha, unatia mchuzi humohumo. Mchuzi utaiva, lakini kila kijiko kitakuwa na ladha ya wali ulioungua. Sekunde tano za kuangalia ujumbe wa mtu anayekudai hazichukui sekunde tano. Zinaacha ukoko kwenye andalio lako la somo, na ukoko haukwanguki kwa haraka.

Nikiwatazama wenzangu ofisini, naona uchovu wetu wa saa 9 alasiri haulingani na vipindi tulivyofundisha. Kipindi kinachosha, ndiyo, lakini uchovu wa kipindi una mwisho. Unakunywa maji, unakaa chini, unaisha. Uchovu wa kuitwa-itwa hauna mahali pa kukaa. Unafika nao nyumbani. Mtoto anakuonyesha daftari, unasema "vizuri", hukuona alichoandika.

Sipendi kuutia chumvi mjadala huu. Amy Orben na Andrew Przybylski mwaka 2019 walichambua takwimu za vijana wengi sana, wakakuta matumizi ya teknolojia kidijitali yanaeleza, kwa kiwango cha juu kabisa, asilimia 0.4 tu ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Ni kidogo. Kwa hiyo mzazi anayeniambia mwanawe amefeli "kwa sababu ya simu" huwa namwomba tuongee kwanza habari za chakula cha mchana, umbali wa kutembea, na nani anamsumbua njiani. Mara nyingi simu ni mlango wa kuingilia kwenye tatizo jingine. Nitatoa mfano.

Nilikuwa na kijana mmoja, mpole, anayeandika vizuri, aliyekuwa analala kipindi cha kwanza. Anaweka kichwa mezani, huyo. Nilimwita pembeni.

"Jana ulilala saa ngapi?"

"Saa 9, madam."

"Ulikuwa unafanya nini mpaka saa 9 usiku?"

"Bando la usiku, madam."

Alilisema kama mtu anavyosema malaria. Na kwa kweli nilipomsikiliza, alikuwa na hoja. Simu ni ya mama yake, anauza pweza, mchana haiachi hata dakika kwa sababu ndiyo biashara. Bando la mchana ni ghali. Bando la usiku, linaloanza kutumika watu wamelala na kuisha alfajiri, bei yake ni chee. Basi saa 6 usiku kijana anaamka, anajiunga, anapakua mitihani ya taifa ya miaka iliyopita. Mitihani ile mama yake ameiona kwa macho yake, akaniambia baadaye, "Mwalimu, mimi nilijua mwanangu anasoma." Na alikuwa anasoma. Ila kupakua mitihani kunachukua dakika 10, na bando linabaki, na litaisha kukikucha ulitumie usilitumie. Nani atalala aache hela yake ioze?

Katika vitabu vya wenzetu wa ng'ambo sijakuta sura ya bando la usiku. Wanaandika juu ya mtoto mwenye simu yake chumbani kwake. Wa kwetu hana simu wala chumba, ana saa sita za usiku alizouziwa kwa bei nafuu.

Sasa tazama mwili unasemaje. Ndani ya ubongo, sehemu inayoitwa haipothalamasi, kuna saa. Saa hiyo hupata habari za mchana na usiku kutoka kwenye jicho, kupitia seli maalumu za retina ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, nazo zinachangamkia zaidi mwanga wa bluu. Giza likiingia, tezi ya pineali hutoa melatonini, na mwili unajua ni usiku. Mwanga wa simu usoni huichelewesha. Lakini simu si jua, mwanga wake ni mdogo, na mimi naamini kinachomkesha kijana zaidi ni kile anachokitazama: hadithi isiyokatika, mabao, mabishano. Ukipunguza mwanga wa skrini ukaendelea kutazama mabishano, hutalala. Tena kijana wa miaka 16 saa yake ya ndani huchelewa kimaumbile, usingizi humjia kwa kuchelewa kuliko mdogo wake wa darasa la nne. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Wangu alikuwa anapata chini ya tano, vipande viwili. Na jua la Mtwara halimsubiri mtu. Huku linatoka kama dakika 40 kabla ya Kigoma, ilhali saa za ukutani ni zilezile nchi nzima.

Tulichofanya ni kitu kidogo. Tuna vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 halafu serikali ikavigawa kwa walimu. Mitihani yote aliyoitaka nilimpakulia kwenye kishikwambi Jumamosi moja, naye anakuja kusomea ofisini baada ya vipindi. Sikumkataza simu. Nilimwondolea sababu ya kuamka saa 6 usiku. Hadi sasa bado husinzia siku mojamoja, mpira ukiwepo.

Nirudi kwetu walimu, maana huku ndiko nilikokuwa nakwepa.

Ujumbe uliokuwa unanikosesha usingizi ulitoka kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Saa 4 na dakika kadhaa usiku: "Walimu, kesho mapema kila mmoja awe na azimio la kazi mezani kwake." Ndani ya dakika mbili "sawa mkuu" zinaanza kuporomoka, moja, nne, kumi na moja, na wewe usiyejibu unajiona kama mtoro. Unainuka kitandani kutafuta azimio, ule mpango wako wa kufundisha, ambalo ulikwishaliandika tangu Januari. Nilivumilia miaka, halafu baada ya zile korosho nikamwendea mkuu wangu wa shule, kwa adabu, nikiwa na karatasi yangu ya herufi.

Aliitazama akacheka. "Madam, mimi natuma usiku nisije nikasahau. Sijamwambia mtu ajibu."

Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Mtu yule alikuwa hatuiti. Alikuwa anajiandikia mwenyewe kumbukumbu, ila daftari alilochagua lilikuwa vichwa vya walimu wote. Nilimnunulia kaunta buku. Nasema kweli, ya kwaya mbili, kwa hela yangu, nikaiweka mezani kwake. Sasa yakimjia usiku anaandika humo, na mambo yote yanatumwa mara moja, saa 10 jioni. Si kila siku anakumbuka. Wiki iliyopita alituma saa 3 usiku, na mwalimu mmoja kijana, bila aibu, akajibu: "Mkuu, kaunta buku imejaa?"

Kuna mlio mwingine ambao kaunta buku haiuwezi, nitaugusa tu. Mwenzangu mmoja alikopa kwenye programu ya simu, hizi tunazoziita kausha damu. Alipochelewa kulipa, wakaanza kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye orodha yake ya namba, akiwemo baba mkwe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Yeye simu ikitetema tu, mabega yanapanda. Mtu wa namna hiyo usimshauri "kupumzika na mitandao". Anahitaji kujua haki yake na kupata watu wa kukaa naye.

Watu wa kusini tumewahi kupimwa kwa njia ambayo hatukuiomba. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua zikabomoa barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, Kilwa, tukawa kisiwa. Siku zile simu ilikuwa mkombozi. Mpwa wangu alikuwa kwenye basi lililokwama, na picha aliyotuma ya daraja lililoondoka ndiyo iliyotutuliza, kwamba yuko upande huu wa maji na si ndani yake. Humohumo zilizunguka video za mafuriko ya nchi nyingine, miaka mingine, zikiitwa Lindi. Halafu Mei 12, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti nchini ikazorota kwa siku kadhaa. Kwanza barabara, kisha mtandao.

Ninachokumbuka ni mkono wangu. Jumatatu nzima ulikuwa unakwenda kwenye simu, unafungua, duara linazunguka, unafunga. Baada ya dakika tatu, tena. Kufikia Jumatano ulikuwa umepunguza. Na jioni ile dada yangu wa Dar alipiga, simu ya kawaida, kwa salio. Tukaongea barabara, bei ya vitu, mtoto wake anayeota meno. Baada ya dakika 20 akasema, "Haya dada, usiku mwema," akakata, ikawa imekwisha. Nilikaa na ile "imekwisha" nikaistarehea. Kwenye WhatsApp mimi na dada hatujawahi kuagana, mazungumzo yetu yameanza 2016 na bado yako wazi.

Sitaki mtandao ukatike tena. Wauzaji wa mtandaoni walilia wiki ile, na bila video mimi siwezi kuwaonyesha watoto moyo unavyopiga, maabara yetu ina moyo wa plastiki uliopoteza upande wa kushoto. Nilichobadilisha ni kidogo na hakina fahari. Simu inalala sebuleni. Arifa zimebaki za kupigiwa tu. Nikiwa darasani, iko kwenye kabati la ofisi, kwa sababu niligundua kwamba ikiwa kwenye droo nafundisha nikiwa na sikio moja. Nilirudia hesabu mwezi uliofuata: korosho 58, B zikiwa 22.

Darasa nililipa zoezi pia. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na wengi hawana, kwa hiyo nikawapa kila mmoja korosho 30 kwenye karatasi, nikawaambia: kuanzia chakula cha usiku kinapowekwa mkekani hadi vyombo vinapoondolewa, hesabu mara ambazo simu yoyote imeshikwa, usiseme kitu, usicheke. Kesho yake wakaja na vifuko vyao. Mmoja akasimama mbele ya meza yangu, karatasi imekunjwa, haina kitu.

"Madam, ziliniisha."

"Kabla ya vyombo kuondolewa?"

"Kabla mama hajapakua mboga. Ni baba."

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Baba huyo ndiye mwenyekiti wa bodi, na ajenda ya kwanza, aliyoipendekeza mwenyewe, inahusu wanafunzi na simu.